Kitum Si ya Ndovu na Popo Peke Yao

Hebu fanya hivi kwanza. Toa simu, andika "Kitum" pale Google, angalia dakika mbili tu, halafu urudi hapa.

Umerudi? Sasa nikwambie ulichoona. Umeona ndovu wanaoingia pangoni usiku kutafuta chumvi. Umeona popo. Umeona virusi vya Marburg, na video za jamaa wenye sauti nzito wakiliita hilo pango hatari kuliko yote duniani.

Kitu ambacho hujaona, au umekiona kwa sentensi moja hivi ya mwisho mwisho, ni watu. Watu walioishi kwenye mapango ya Mlima Elgon na familia zao, ng'ombe wao na moto wao. Na sisemi watu wa enzi za mawe. Nasema watu ambao wajukuu na vitukuu wao wako Kapsokwony, Cheptais, Endebess na Kitale leo hii. Pengine mmoja wao alikuwa dawati la nyuma yako shuleni na hukujua.

Nauliza swali moja tu: mbona tunaenda kuona nyumba za watu, halafu tunatoka tukiongea kuhusu ndovu?

Safari yenyewe ni rahisi

Ukiwa Kitale, hiyo ni safari ya siku moja bila presha. Unashika barabara ya Endebess, unaingia mbuga kwa lango la Chorlim, unapewa askari wa mbuga au kiongozi wa kukupeleka, na kabla ya jua kuzama uko mjini unakula chapo madondo. Mbuga ya upande wetu ina ukubwa wa kilomita za mraba 169 na ilitangazwa mwaka 1968. Mlima wenyewe tunagawana na Uganda. Kilele cha juu kabisa, Wagagai, mita 4,321, kiko kwao. Sisi tuna Koitoboss, mita 4,222. Wagisu wa upande wa pili wanauita mlima Masaba.

Na hili jina Elgon limetoka wapi? Limetokana na Wakony, mojawapo ya jamii zinazounda Wasabaot. Yaani mlima mzima umepewa jina la watu, halafu sisi tukifika tunauliza ndovu wako wapi.

Mapango yanayojulikana zaidi mbugani ni manne: Kitum, Makingeny, Chepnyalil na Ngwarisha. Makingeny lina mdomo mpana ajabu, na mvua ikiwa imenyesha, maji yanaanguka mbele ya mlango kama pazia. Kitum linaingia ndani ya mlima kama mita 200. Chukua viwanja viwili vya mpira, uviunganishe, uvisukume ndani ya mwamba. Hapo ndipo unaelewa.

Kiongozi atatembea mbele na tochi. Atakuonyesha mikwaruzo ukutani, mistari mirefu kama mtu amepitisha reki kwenye udongo mbichi. Hizo ni alama za pembe za ndovu. Atakuonyesha pia vipande vya miti ya kale iliyogeuka mawe, imekwama ukutani. Elgon ni volkeno ya zamani sana, na majivu yake yalipokuwa yanaanguka yalizika misitu na wanyama. Kwa hivyo ukuta wa pango ni majivu yaliyoshikana, na ndani yake kuna madini ya chumvi. Huko juu mlimani mvua nyingi imeosha chumvi kwenye udongo na majani, na mnyama mkubwa anaihitaji. Ndovu anaingia gizani akipapasa kwa mkonga, anabomoa ukuta kwa pembe, anasaga mawe mdomoni, anameza. Ndani ya Kitum kuna ufa mkubwa, na kuna ndovu wadogo walioangukia humo wasitoke tena.

Hiyo stori ni tamu, na ni ya kweli. Sina noma nayo. Noma yangu ni kwamba ikiisha, kiongozi huzima tochi na mnatoka.

Nyumba ndani ya mlima

Kabla ya mbuga, kabla ya lango na tiketi, mapango mengi ya mlima huu yalikuwa na wenyewe. Fikiria maisha kule juu zaidi ya mita 2,000. Usiku baridi inakata kama kisu. Majirani wanakuja kuiba ng'ombe, nanyi pia mnaenda kuiba wa kwao, kwa sababu ndivyo siasa ya mifugo ilivyokuwa. Sasa hapo mlimani kuna chumba kikubwa tayari, hakivuji, kina mlango mmoja, na ukuta wake wenyewe ni chumvi ya ng'ombe. Wewe ungejenga nje?

Basi watu waliweka vizuizi vya miti mlangoni, wakajenga vibanda ndani, wakalaza ng'ombe ndani, wakapika ndani. Adui akija anakuta mlango mwembamba na giza nyuma yake. Na chumvi waliichimba pia wao wenyewe kwa ajili ya mifugo, kwa hivyo si kila alama unayoiona kwenye kuta za Elgon ni ya ndovu. Kuna za mikono ya watu.

Ukitaka kurudi nyuma zaidi, kuna mahali panaitwa Kakapel, kaunti ya Busia, sio mbali na miguu ya mlima huu. Ni mwamba mkubwa wenye kivuli chini yake, na michoro ya kale ukutani. Wanaakiolojia wamechimba pale na kukuta kwamba watu walianza kukaa chini ya ule mwamba karibu miaka 9,000 iliyopita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulitaja kunde zilizoungua, zenye umri wa karibu miaka 2,300. Kunde! Hizi hizi unazokula na ugali na kulalamika ati ni chakula cha ushago. Mtu alizipika magharibi mwa Kenya kabla Yesu hajazaliwa, zikamwagika motoni, na sisi tumezipata. Wimbi nalo lilikuwa pale miaka 1,000 iliyopita. Kuna uji wa zamani kuliko nchi yoyote iliyo kwenye ramani yako ya Afrika Mashariki.

Kwa hivyo mtu akikwambia eneo hili lilikuwa "pori tupu" mpaka mtu fulani alipofika, mwambie aende akaongee na hizo kunde.

Kijana wa miaka 25 na swali lake

Mwisho wa mwaka 1883, kijana Mskochi anaitwa Joseph Thomson alifika Elgon. Alikuwa na miaka 25. Unamjua bila kujua: yule swala mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni, wenye gari za watalii wanamwita Tommy, ni jina lake. Maporomoko ya Nyahururu nayo yaliitwa Thomson's Falls miaka mingi, kana kwamba maji yalikuwa yanamsubiri yeye ndiyo yaanguke.

Thomson hakuja peke yake. Alitoka Mombasa na msafara wa wapagazi wa pwani Machi 1883, na njiani akaandamana na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara Mswahili wa Pangani aliyekuwa amezoea njia za bara. Watu wa pwani walikuwa wanafika hadi kwa Mumia kununua pembe hata kabla ya yeye kuja. Yeye ndiye aliyeandika kitabu tu, Through Masai Land, mwaka 1885.

Sasa, Thomson akafika kwenye mapango. Akakuta watu wanaishi ndani. Ng'ombe wako humo, vibanda viko humo. Akawauliza nani aliyachimba haya. Wakamjibu kwamba si wao, ni kazi ya Mungu. Jibu la heshima kabisa, tena la ukweli: hawakudai kazi ambayo hawakuifanya.

Lakini jibu hilo halikumtosha. Aliangalia ukubwa wa pango, akaangalia watu waliokuwa mbele yake na majembe yao, akaamua kwamba haiwezekani. Lazima kulikuwa na taifa lingine zamani, lenye nguvu na ustaarabu, labda watu wa Misri ya kale, waliokuja kuchimba madini au mawe ya thamani kisha wakapotea.

Unaona hiyo hesabu? Kitu ni kikubwa. Waafrika wako mbele yangu. Basi si wao. Basi ni watu wa mbali. Basi walipotea.

Na hapa ndipo nacheka kila mara. Mwaka 2006 watafiti wawili, Joyce Lundberg na Donald McFarlane, walichapisha utafiti kuhusu jinsi mapango haya yalivyotokea, na mchimbaji mkuu waliyemtaja ni ndovu. Vizazi kwa vizazi vya ndovu, kila mmoja akibomoa kidogo usiku, kwa maelfu ya miaka. Kwa hivyo Thomson alikuwa karibu kabisa na jibu. Taifa lenye nguvu kweli lilikuwepo. Lilikuwa na mkonga.

Wale wenyeji waliosema "si sisi" walikuwa sahihi. Msomi ndiye aliyebuni stori za jaba.

Hii ngoma imechezwa kwingine

Usidhani ni Elgon tu. Angalia Zimbabwe Kuu. Mjerumani Karl Mauch alifika pale mwaka 1871, akaona kuta za mawe, akasema hiyo lazima ni kazi ya Malkia wa Sheba. Mwaka 1929 mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson alichimba na kusema wazi kwamba walioijenga ni Waafrika. Serikali ya walowezi bado iliendelea kuwasumbua wanaosema hivyo kwa miaka mingi baadaye.

Na angalia Marekani. Kule Colorado kuna mahali panaitwa Mesa Verde. Ni nyanda za juu zenye magenge marefu, na ndani ya magenge hayo kuna nyumba karibu 600 zilizojengwa kwa mawe ya mchanga, udongo na boriti za miti. Kubwa kuliko zote inaitwa Cliff Palace, ina vyumba karibu 150. Ilijengwa miaka ya 1190 hadi 1280 hivi. Nayo pia huingii peke yako: unanunua tiketi, askari wa mbuga anawaongoza, mnapanda ngazi za mbao mkihema.

Stori rasmi kwa miaka mingi ilikuwa kwamba vijana wawili wachunga ng'ombe, Richard Wetherill na Charlie Mason, "waliigundua" tarehe 18 Desemba 1888 wakitafuta ng'ombe waliopotea. Lakini Waute, wenyeji wa eneo hilo, walikuwa wanajua nyumba hizo ziko. Mmoja wao, Acowitz, ndiye aliyemwambia Wetherill kuzihusu. Yaani umeelekezwa, umefika, halafu umegundua. Sawa.

Kisha likaja swali la "watu waliopotea". Vitabu viliwaita Anasazi, jina lililotoka kwa Wanavajo, na ambalo hufasiriwa "maadui wa kale". Hebu fikiria babu yako anaitwa "adui wa kale" kwenye bango la makumbusho. Na ukweli ni kwamba hawakupotea popote. Mwishoni mwa karne ya 13 ukame mkali ulipiga miaka mingi mfululizo, na miti yenyewe ndiyo shahidi, kwa sababu pete zake za ukuaji za miaka hiyo ni nyembamba sana. Mashamba yakagoma, watu wakagombana, wakafunga virago wakaenda kusini. Wajukuu wao ni Wahopi, Wazuni na Wapueblo wengine wa Arizona na New Mexico. Leo mbuga ya Mesa Verde inatambua makabila mengi yenye uhusiano na zile nyumba, na wanachosema ni rahisi: sisi hatukupotea, tulihama.

Kuna kipande kingine kinachouma. Mwaka 1891 kijana Mswidi wa miaka 23, Gustaf Nordenskiöld, alichimba Mesa Verde na kupakia vitu vingi kwenye treni, pamoja na mifupa ya watu. Alikamatwa mjini Durango, lakini hakukuwa na sheria aliyovunja, akaachiliwa. Mzigo ukavuka bahari na mwishowe ukakaa Helsinki, Finland. Hasira hizo zilichangia Marekani kutunga sheria ya kulinda vitu vya kale mwaka 1906, na mwezi huohuo wa Juni Mesa Verde ikawa mbuga ya taifa. Lakini mifupa haikurudi mpaka mwaka 2020. Miaka 129. Mabaki ya watu kama 20 na vitu 28 walivyozikwa navyo vilirudishwa, vikazikwa tena nyumbani.

Na usifikiri Colorado ni mbali na sisi. Makumbusho ya Denver, mji mkuu wa jimbo hilohilo, yalikuwa na vigango 30 vya Wamijikenda, zile nguzo za mbao zinazosimamishwa kwa heshima ya wazee wa Gohu waliofariki. Viling'olewa huku pwani, vikauzwa kama sanaa. Viliwasili Nairobi mwaka 2019. Kigango hakifai kusafiri kabisa. Kinafaa kusimama hapo kilipowekwa mpaka kioze.

Basi watu wa mapango walienda wapi?

Tumerudi Elgon. Ukimuuliza kiongozi "watu waliokuwa wanaishi hapa walienda wapi," jibu la haraka ni "walihama". Hilo jibu lina shimo kubwa kuliko Kitum. Walihama vipi? Nani aliwahamisha?

Serikali ya kikoloni haikupenda watu wakae mapangoni. Sababu moja ni hesabu tu. Kodi ilikuwa inatozwa kwa kila nyumba. Utahesabuje nyumba zilizo ndani ya mlima, gizani, mlango ukiwa na mikuki? Watu wakatakiwa watoke wajenge nje, mahali wanapoonekana na kuhesabika.

Wakati huohuo, nyanda za Trans Nzoia, ambako Wasabaot walikuwa wanachunga, zikakatwa kuwa mashamba ya walowezi. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, askari wazungu waliletwa kupewa mashamba hapo. Wasabaot wakawa vibarua na wachungaji kwenye ardhi waliyokuwa wanaijua kwa majina ya kila kijito. Uhuru ulipokuja, mashamba mengi yalienda kwa wenye pesa na wenye watu serikalini. Kisha 1968 mbuga ikachorwa. Kisha Waogiek wa juu kule Chepkitale wakaambiwa washuke, na mwaka 1971 mpango wa makazi wa Chepyuk ukaanzishwa kuwapa ardhi kule chini. Ugawaji huo ulivurugwa, ukarudiwa, ukavurugwa tena. Nani anastahili, nani amelipa nani, nani ameandikwa mara mbili.

Mwaka 2006 hasira hiyo ikazaa kundi lenye silaha, SLDF. Liliua, likakata watu masikio, likatoza vijiji kodi. Machi 2008 jeshi likaingia na operesheni ya Okoa Maisha, na mashirika ya haki za binadamu yakaandika kuhusu wanaume waliokusanywa, waliopigwa na kuteswa, na wengine ambao hawakurudi nyumbani hadi leo. Mamia ya watu walikufa, makumi ya maelfu wakakimbia. Wengi wetu tunaosoma hapa tulikuwa watoto, na TV ilikuwa imejaa habari za Nairobi, Kisumu na Eldoret baada ya uchaguzi. Elgon ilipita kama tangazo la biashara.

Sisemi kwamba pango ndilo chanzo cha vita. Nasema hivi: ukiweza kuifanya nyumba ya mtu ionekane kama shimo la wanyama tu, inakuwa rahisi sana kusema hakuwa na nyumba. Na mtu asiyekuwa na nyumba, ardhi yake ni ya kugawa.

Na virusi je?

Sitaruka hili, maana najua mtauliza kwenye maoni. Ni kweli. Mwaka 1980 Mfaransa mmoja aliyekuwa anafanya kazi magharibi mwa Kenya aliugua Marburg baada ya kuingia Kitum, akafariki. Mwaka 1987 kijana Mdenishi wa miaka 15 naye vivyo hivyo. Kitabu The Hot Zone cha mwaka 1994 kikaifanya Kitum maarufu dunia nzima. Baadaye watafiti walipata virusi hivyo kwa popo wala matunda waliokamatwa hapohapo Kitum mwaka 2007.

Kwa hivyo tumia akili. Msikilize askari wa mbuga. Usiguse popo wala kinyesi chao, usishike ukuta kisha ule mandazi, vaa barakoa, na ukiambiwa pango fulani haliingiliki leo, haliingiliki. Unaweza kusimama mdomoni ukaona mengi tu. Lakini wagonjwa wawili wanaojulikana hawapaswi kufunika vizazi vya watu waliolala humo ndani, wakazaa humo, wakazeeka. Wageni wawili wana kurasa za intaneti. Wenyeji hawana hata bango.

Ukienda, uliza

Sikatazi mtu kwenda. Nenda. Toa pesa yako huko badala ya kuimaliza kwenye kofi ya mia tano Westlands. Lakini unapolipa kiongozi, unanunua stori, na mwenye kununua ana haki ya kuuliza. Uliza hivi:

Pango hili lilikuwa la ukoo gani? Ng'ombe walikaa upande upi, na moto uliwashwa wapi? Alama hii ni ya pembe ya ndovu au ya chombo cha mtu? Jina la pango lina maana gani kwa Kisabaot? Wewe mwenyewe unatoka wapi, na nyanya yako aliwahi kukwambia nini kuhusu hapa?

Swali la mwisho ndilo bora kuliko yote, kwa sababu viongozi wengi wa huko ni vijana wa mlimani. Wanajua stori hizi. Hawazisemi kwa sababu kila mgeni anauliza ndovu, na biashara ni biashara. Mgeni akibadilisha swali, kiongozi naye hubadilisha jibu. Pia mlipe vizuri, na ukipenda stori yake, mwombe ruhusa kabla ya kuirekodi na kuiweka mtandaoni. Usiwe Nordenskiöld wa TikTok.

Na wewe ambaye familia yako inatoka huko: una kazi kubwa kuliko yangu. Kuna wazee kule Kapsokwony na Cheptais waliolelewa na watu waliozaliwa mapangoni. Wanajua pango gani lilikuwa la nani na siku gani watu walitoka. Hawatakuwa hapa milele, na hakuna mtafiti wa mwaka 2050 atakayewachimba ukutani kama zile kunde za Kakapel. Krismasi hii ukienda ushago, keti na guka au kogo wako jioni moja, weka simu kwenye meza, bonyeza kurekodi, muulize. Hata kama atasema kwa Kisabaot na utaelewa nusu. Tafsiri itakuja. Sauti ikishaenda hairudi.

Ukishaipata, niandikie. Nitaiweka hapa kwa jina lake, kama atakubali, ili siku nyingine mtu akiandika "Kitum" kwenye simu, aone angalau mtu mmoja kabla ya ndovu.